Yadi Namba 14: Imefungwa

Villa Algarrobal, Jumatatu, 6 Machi

Kwa Mama Eufemia Yarlequé,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba barua pepe hii isionwe na mtu mwingine yeyote. Usiisome kwa sauti pale mezani kwako sokoni, usimpe mtu akusomee, usiipige picha. Ukimaliza ifute, kisha fungua pale zinapokaa barua zilizofutwa, uifute tena. Najua ombi hili linachekesha likitoka kwa mtu usiyemjua. Amini tu kwamba nina sababu, ingawa sababu yenyewe siwezi kuiandika.

Mimi ndiye “Jirani Mtulivu” wa ukurasa wa Majirani wa Algarrobal. Niliandika kwamba soko lifungwe siku thelathini kwa ajili ya homa ya dengi. Nawe ukanijibu mbele ya watu elfu nne: “Jirani mtulivu, njoo utulie hapa nyuma ya meza yangu siku thelathini bila kuuza hata kibua mmoja, halafu tuzungumze.”

Nilicheka peke yangu. Kisha nikasoma yaliyofuata chini yake. Mtu wa kumi aliniita muuaji wa maskini. Wa kumi na mbili alisema wauza samaki wananuka mpaka akili. Wa arobaini hakukumbuka tena habari ya mbu. Alikuwa anamtukana mama wa mtu wa thelathini na tisa.

Katikati ya kelele ile wewe peke yako uliuliza swali: “Hao wagonjwa mia mbili na sita wanakaa wapi?” Hakuna aliyekujibu. Mimi najibu: mia moja na sitini kati yao wanakaa katika mitaa minne inayolizunguka soko lenu. Ndiyo maana nasema lifungwe. Sina ugomvi na wewe wala na samaki wako.

Madiwani watapiga kura Ijumaa tarehe 31. Naomba tubishane hapa, sisi wawili, kwa heshima, tuone nani anamshawishi mwenzake. Tutakachokubaliana tutakipeleka kwenye ukurasa.

Wako,
Jirani Mtulivu

*

Jumatano, 8 Machi

Kijana,

Nakuita kijana kwa sababu mtu mzima hapotezi nusu ya barua kufundisha wenzake kufuta. Haya, usiogope. Nimekuelewa.

Nami nina masharti yangu. Nimeuza samaki miaka thelathini na moja, na ni mwenyekiti wa wachuuzi mwaka wa sita, kwa hiyo kubishana ndiyo kazi yangu ya pili.

Sharti la kwanza: kabla hujanipinga, useme nilichosema mimi, mpaka mimi mwenyewe niseme, “Ndiyo, ndicho hicho.” Wateja wanaokuja wamefura nawatuliza hivyo hivyo. Namrudishia mtu maneno yake kwanza. Akiyasikia kutoka mdomoni mwangu, nusu ya hasira inashuka.

Sharti la pili ni yapa. Nikishakupimia kilo yako na mizani ikatulia, naongeza samaki mdogo juu, machoni pako. Hukumlipia, lakini bila yeye hurudi kesho. Basi kila barua iishe na yapa: neno moja la kweli linalosaidia upande wa mwenzako, si wako. Na liwe samaki mzima. Usiniletee kichwa na mkia.

Sasa hoja yangu. Sisi ni wachuuzi mia mbili na kumi na wawili. Maji yanafika sokoni kwa saa mbili tu, kila siku ya tatu, kwa hiyo kila meza ina pipa lake. Mkitufungia, hatutakaa tukitazamana. Tutauzia mlangoni nyumbani, na mapipa tutaondoka nayo. Leo yako chini ya paa moja, mkaguzi anayamaliza asubuhi moja. Mkifunga, mtayatafuta mia mbili na kumi na mawili mji mzima.

Yapa yangu: wako wachuuzi wanaotaka soko lifungwe. Wananiogopa tu, hawasemi mbele yangu. Anayethubutu ni Nereida tu, rafiki yangu anayeuza ndimu meza ya pembeni.

Eufemia Yarlequé

*

Jumamosi, 11 Machi

Mama Eufemia,

Nimeyakubali masharti yako. Najaribu: unasema kwamba riziki ya wachuuzi ni muhimu kuliko homa, na kwamba soko likifungwa mtaathirika kimapato.

Jibu langu ni hili. Hospitali ina vitanda arobaini, na jana wagonjwa kumi na wanane walilala kwenye viti. Yai la mbu likiwa ndani ya maji huchukua takriban siku nane kuwa mbu mzima. Siku thelathini bila maji yaliyotuama zinakata vizazi vitatu. Tukiondoa mapipa na vyombo visivyofaa katika eneo lote la soko, tunaweza kuizuia homa kabla ya Mei.

Yapa yangu: mji mmoja jirani ulifunga soko lake mwaka jana kwa siku ishirini, na wagonjwa hawakupungua. Nimeitafuta sababu na sijaipata. Nilikuwa na nia ya kukuficha jambo hili.

Nimeweka masharti yako kwenye ukurasa. Wengine wamecheka, ila mtu mmoja aliyekuwa anatukana ameulizwa na mwenzake, “Yapa yako iko wapi?” naye akanyamaza. Ni mara ya kwanza kuona mtu akinyamaza pale.

Jirani Mtulivu

*

Jumatatu, 13 Machi

Kijana,

Hapana. Sikusema hivyo hata kidogo. Rudi ukasome. Sikuzungumzia mapato, nilizungumzia mapipa. Wewe ulikwisha nivalisha kofia ya mchuuzi mwenye uchu, ndipo ukasikia kofia inaongea. Hoja yangu ni ya afya kama yako: ukifunga soko utawatawanya mbu badala ya kuwapunguza. Sema tena.

Nami nakurudia wewe: unasema siku nane yai linakuwa mbu, kwa hiyo maji yakikatika siku thelathini, vizazi vitatu vinakufa. Ndiyo au siyo? Kama ndiyo, basi huhitaji siku thelathini. Unahitaji kila pipa lisuguliwe kabla ya siku ya nane. Tufunge kila Jumatatu, tusugue mapipa yote, tuyafunike, Jumanne tuuze. Je, hilo haliwezekani?

Yapa yangu itaniumiza wenzangu wakiisikia. Jana nilizunguka na tochi na kijiti, nikachungulia mapipa safu yangu yote. Kati ya thelathini, kumi na moja yana viluwiluwi. Moja ni langu.

Sasa nikuulize wewe mwenye hesabu. Mitaa minne hiyo hiyo inayolizunguka soko inazunguka kitu gani kingine? Na katika nyumba zenu mlizohesabu, zipi hazijawahi kufunguliwa mlango?

Nimesema “zenu” makusudi. Hapa mjini ndoo iliyopasuka tunaiita ndoo iliyopasuka, tairi ni tairi. Maneno “vyombo visivyofaa” yanasemwa na watu wa jengo moja tu, ghorofa ya pili. Umeandika neno hilo mpaka kwenye ukurasa. Nenda ukalifute, mwanangu.

Eufemia

*

Jumanne, 14 Machi

Mama,

Umekosea. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na neno hilo nililisoma kwenye kipeperushi. Hata hivyo nimelifuta.

Nakuomba usilirudie hilo la ghorofa ya pili, hata kwa mzaha, hata kwa Nereida. Hoja yako ya mapipa sasa naielewa: soko lililofungwa linatawanya mapipa. Na Jumatatu za kusugua ni wazo zuri kuliko langu. Hiyo ndiyo yapa yangu, na ni samaki mzima.

Swali lako la mlango nitalijibu nikipata nafasi.

J.M.

*

Jumatatu, 20 Machi

Kijana,

Tumemzika Nereida jana saa nne asubuhi. Homa ilimwanza Jumatano, Ijumaa akatapika damu, Jumamosi hospitali wakampa kiti.

Ndimu zake ziko pale pale mezani. Hakuna anayetaka kuzigusa, zimeanza kukauka.

Alikuwa anataka soko lifungwe, na mimi nilikuwa nambishia kila siku. “Eufemia,” aliniambia, “wewe ungebishana hata na padri anayekuzika.” Nikamjibu kwamba padri huyo naye aje na yapa yake. Tulicheka sana. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Kwake hakukuwa na pipa hata moja. Alikuwa na ndoo mbili, nami nimezikagua kwa mkono wangu: zina mifuniko na ni safi. Ila ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wa yadi ya manispaa, pale wanaporundika mikokoteni na mabeseni ya wachuuzi wanaokamatwa barabarani. Tangu Januari mvua inanyesha humo. Mitaa yako minne inaizunguka yadi kama inavyolizunguka soko. Swali langu la mlango bado liko mezani.

Yapa sina leo.

Eufemia

*

Ijumaa, 24 Machi

Mama Eufemia,

Nimeandika barua hii mara tano. Ukiisoma, hutakuwa na haja ya kunirudia maneno yangu ili tujue kama umenielewa.

Mimi si mwalimu. Nilikudanganya. Ni karani wa afya katika manispaa, ghorofa ya pili, meza iliyo karibu na dirisha. Nilisomea takwimu chuoni mjini Piura, na nina mkataba wa miezi mitatu mitatu unaoisha kila nikianza kuuzoea. Wakaguzi huja na karatasi zao, mimi naziingiza kwenye kompyuta. Kila jengo lina herufi moja. K, limekaguliwa. G, mwenye nyumba amegoma. F, limefungwa. Jengo lenye F haliingii kwenye hesabu. Linaachwa kama halipo.

Yadi ya manispaa ni namba 14. Wiki ya kwanza ya mvua mkaguzi aliikuta imefungwa kweli, mlinzi alikuwa amekwenda kula. Wiki ya pili aliingia. Alirudi na karatasi yenye K na chupa ndogo iliyojaa viluwiluwi, akaiweka mezani kwangu. Matairi sitini na matatu, mabeseni yasiyohesabika. Mkuu wangu, Bwana Farfán, aliitazama ile chupa, akasema, “Yadi yetu wenyewe haiwezi kuwa ya kwanza kwenye orodha. Andika imefungwa. Wiki ijayo tutasafisha.”

Nikaandika F. Wiki iliyofuata hakuna aliyesafisha, nikaandika F tena. Mkaguzi akahamishiwa kukagua makaburi. Nimeandika F mara tisa, na kila moja ina herufi za jina langu pembeni, maana ndio utaratibu: anayeingiza ndiye anayetia saini.

Kisha nikachora ramani ya wagonjwa kutokana na hesabu zangu mwenyewe, nikaona duara jekundu, na katikati ya duara kulikuwa na soko peke yake. Naapa nilikwenda kwenye ukurasa nikiamini kabisa ninachokisema. Ile nafasi tupu nyuma ya soko niliiona kwa macho, lakini nilikuwa nimeizoea. Ulipouliza nyumba zipi hazijafunguliwa, niliifungua ramani tena. Jibu nililijua siku ile ile, nikakaa nalo siku kumi na moja, na siku ya sita kati ya hizo mlimzika Nereida.

Ile karatasi ya mkaguzi, ya penseli, yenye K sikuitupa. Iko ndani ya kamusi yangu, nyumbani.

Usimwambie mtu. Nakuomba. Ukisema, watajua ni mimi kwa sababu hakuna mwingine. Hii ndiyo yapa kubwa kuliko zote niliyo nayo. Nakupa, lakini nakupa chini ya meza.

N.

*

Jumamosi, 25 Machi

N.,

Nilisoma nikasimama, nikaenda kuosha kisu kilichokuwa safi, nikarudi kusoma.

Nakurudia: unasema uliagizwa, ukaandika, ukazoea. Ndiyo au siyo? Sitaki jibu. Nataka usikie inavyosikika ikitoka kwa mtu mwingine.

Nina hasira na wewe, tena nyingi. Nereida alikuwa na miaka hamsini na mbili na alikuwa amenunua kitambaa cha pazia ambacho hajakishona. Lakini najua mkuu wako alimpata nani wa kumwagiza. Mtu mwenye mkataba wa maisha asingeandika, ndiyo maana hakuulizwa yeye.

Siri yako ninayo na sitaitoa. Nimekupa neno langu. Ijumaa naweza kusimama mbele ya madiwani nikaitaja yadi, nao wataniuliza ushahidi, nami nitasema nimeona ukuta. Watacheka. Bwana Farfán atafungua faili lake na kusema, “Mama, hapa pameandikwa imefungwa.” Soko litafungwa siku thelathini, yadi itabaki na maji yake, na sisi tutahamisha mapipa yetu mitaani kama nilivyokwambia.

Ila ngoja nikwambie kuhusu yapa, maana naona hukunielewa. Haitolewi chini ya meza. Nikikupa samaki kwa siri chini ya meza, watu watasema ameoza, au ameibiwa. Yapa inawekwa juu ya mizani, kila aliyepanga foleni anaiona. Hicho unachokiita yapa ni mzigo, na umeuhamishia mgongoni kwangu.

Eufemia

*

Jumanne, 28 Machi

Mama,

Leo Bwana Farfán ameniita. Alifunga mlango, akanimiminia kahawa kwa mkono wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

“Nilton, mwanangu,” akasema, “wewe hupenda kubishana huko mtandaoni?”

“Hapana, bwana.”

“Vizuri. Kubishana kunazeesha. Maana kuna mtu anajiita mtulivu, anashauriana na yule mama wa samaki. Mwanzo nilimpenda sana, alikuwa anatusaidia. Siku hizi anazungumzia Jumatatu za kusugua mapipa.” Akanisogezea karatasi. Ilikuwa picha ya yale niliyoyafuta. Mtu aliipiga kabla sijafuta. Maneno “vyombo visivyofaa” yamepigiwa mstari mwekundu. “Lugha nzuri,” akasema. “Ya kiofisi.”

Nikasema vipeperushi vyetu vimesambaa sana. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

“Bila shaka, bila shaka. Kunywa kahawa.” Kisha akaleta muhtasari wa Ijumaa, kurasa nne, na mahali pa saini yangu pameachwa. Yadi namba 14: imefungwa. “Ni herufi moja tu. Umeiandika mara tisa, ya kumi itakuuma nini? Na mkataba wako unaisha lini? Ijumaa hii hii, eh? Dunia ina mambo.”

Nilimwambia kalamu yangu imeisha wino. Mama, nilikuwa na kalamu tatu mfukoni zinaonekana. Akazitazama zote tatu, akacheka, akasema nimletee kesho kutwa asubuhi.

Sijui la kufanya. Nikikataa, F zote tisa ni zangu, na yeye hana saini yake popote. Nikisaini, nitakuwa na kazi na nitapita kila siku mbele ya meza yenye ndimu kavu.

Niambie nifanye nini.

Nilton

*

Jumatano, 29 Machi

Nilton,

Kumbe ndilo jina lako. Ni zuri, usilifiche sana.

Sitakwambia ufanye nini. Nikikwambia, utafanya kwa sababu nimekuagiza, na wewe umekwisha onyesha jinsi unavyotii. Nitakwambia nitakachofanya mimi.

Ijumaa nitaomba kusema kwanza. Nitasoma ile hesabu: mapipa kumi na moja kati ya thelathini, nikianza na langu. Wachuuzi wenzangu watakuwepo, na nusu yao watanizomea; uenyekiti huenda ukaishia hapo hapo. Nitaleta mpango wa Jumatatu. Halafu nitawaambia madiwani, “Hiyo ndiyo yapa yangu. Ya manispaa iko wapi?” Nitakaa chini na kusubiri. Nikisubiri bure, basi.

Na mimi nina uongo wa kuungama. Sijafuta barua yako hata moja. Sijui hata hizo zilizofutwa zinakaa wapi. Nilitaka kukwambia, ila ulikuwa unaogopa vizuri sana.

Ukija Ijumaa, kula kwanza. Tumbo tupu linatetemesha sauti.

Eufemia

*

Jumamosi, 1 Aprili

Mama Eufemia,

Sikukuaga jana kwa sababu mlinzi alinitoa kwa mlango wa nyuma. Nilisikia wachuuzi wakikuita msaliti wakati unasoma, na nilisikia sauti ya nyuma kabisa ikipiga kelele, “Manispaa, yapa yenu!” mpaka ukumbi mzima ukaipokea. Kama si kelele ile nisingesimama. Na nilikuwa nimekula, kama ulivyosema: ndizi za kukaanga, sahani nzima.

Watu wananiambia nilisema vizuri. Mimi sikumbuki ila sentensi moja, ile ya kwamba yadi imefungwa wiki tisa na ufunguo wake unaning'inia kwenye msumari ofisini kwetu. Nakumbuka diwani mmoja aliuliza, “Msumari upi?” na Bwana Farfán akatazama chini.

Sasa yaliyofuata. Kura imeahirishwa. Jioni majirani walikwenda kwenye yadi na kukuta lori limekwisha fika, linabeba matairi haraka haraka. Sijui kama nifurahi kwa sababu maji yamemwagwa, au nilie kwa sababu ushahidi umemwagwa pamoja nayo. Nadhani nifurahi.

Muhtasari sikuusaini, na mkataba wangu haukuongezwa. Nimeletewa barua pia: Jumanne tarehe 4 nitahojiwa na kamati ya madiwani kwa kosa la kughushi kumbukumbu za afya. Bwana Farfán ameandika kwamba karani aliandika F kwa uvivu wake mwenyewe, bila kuagizwa na mtu, na kwamba habari ya agizo aliitunga juzi alipoona mkataba unaisha. Karatasi ya penseli ninayo, lakini anasema hata hiyo nimeiandika jana.

Kwa hiyo nageuza ombi langu la kwanza. Barua nilizokusihi uzifute, namshukuru Mungu hukujua zinakofutiwa. Ile ya tarehe 24 Machi ina tarehe yake. Ilitumwa wiki nzima kabla ya kikao, kabla hata sijajua mkataba wangu utafanywa nini. Ndiyo pekee inayoonyesha kwamba habari ya agizo haikuzaliwa juzi. Zichapishe zote, zako na zangu. Usiache ile niliyosema mimi ni mwalimu. Wataitumia kuniita mwongo, na watakuwa hawajakosea. Usiache pia mahali nilipoandika mara tisa. Sitaki kutoka pale kama mtu aliyeonewa tu. Nereida hakuonewa na Bwana Farfán peke yake.

Hiyo ndiyo yapa yangu, na safari hii naiweka juu ya mizani. Kama watasema nilipe kwa zile tisa, nitalipa. Naomba tu ya kumi isiandikwe na mwingine.

Kwa anwani hii usiniandikie tena, naifunga leo. Jirani Mtulivu hayupo. Ukitaka kunipata kabla ya Jumanne, niko kwa shangazi yangu Domitila, nyuma ya kiwanda cha barafu, mlango wa kijani. Bisha kwa nguvu, shangazi hasikii vizuri, na usimwambie mengi kwa sababu anadhani nimepewa likizo.

Jumanne njoo manispaa saa tatu kamili asubuhi. Usitumie ngazi ya mbele, huko watakuuliza kitambulisho mpaka saa ipite. Pita ya pembeni, ile ya wafagiaji, mpaka ghorofa ya pili, ugeuke kushoto. Uliza jina langu lote na ulitamke kwa sauti, korido nzima isikie: Nilton Chiroque Ruesta. Ni chumba cha mwisho. Karani atakayekuwa mlangoni ni mgeni, amechukua meza yangu, na pengine naye ana mkataba wa miezi mitatu. Usimkaripie. Atakwambia chumba kimefungwa, kwa sababu ndivyo atakavyokuwa ameagizwa.

Mlango ule hauna kufuli, Mama. Usukume.

Nilton Chiroque Ruesta